Kukopa kwa Mahindi Yaliyo Ghalani: Maswali Yenu Wiki Hii

Nimevuna magunia 20 ya mahindi. Bei ya sasa inakatisha tamaa, na Januari nadaiwa ada ya mtoto. Nikiyaweka ghalani nikakopea, nitafaidika? (Mkulima, Mbozi)

Tupige hesabu ya mfano. Gunia la kilo 100 likiwa 60,000, mzigo wako una thamani ya 1,200,000. Benki haikupi zote. Tuseme inakupa asilimia 60, yaani 720,000. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi minne ni 57,600. Ghala likitoza 500 kwa gunia kila mwezi, ongeza 40,000. Hapo kila gunia limeshabeba karibu 4,900, na usafiri bado hatujaugusa. Bei isipovuka 65,000 utakuwa umewatumikia benki na mwenye ghala. Ikifika 80,000, unalipa deni na kubaki na kama laki tatu zaidi ya jirani aliyeuza shambani.

Sasa jiulize, bei itapanda kwa sababu gani? Kwa kawaida hupanda vihenge vya majumbani vinapokauka, Desemba kuelekea Machi. Lakini mipaka ikifungwa, kama mahindi yalivyozuiwa kwenda nje mwaka 2017, hesabu yote inapinduka. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu kapeleka ghalani mzigo wote. Tenga kwanza ya kula.

Shikamoo. Karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, amenipa karatasi nilipopeleka ufuta. Hiyo ndiyo stakabadhi? Naweza kukopea? (Mama wa Nachingwea)

Marahaba, mama. Hiyo huenda ni risiti ya kupokea mzigo tu. Stakabadhi yenyewe, yaani hati ya mzigo ulio ghalani inayotumika kukopea, hutolewa na mwendesha ghala mwenye leseni, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005, na ina sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya rehani. Mkopaji huikabidhi benki hati ya rehani, na mzigo hautoki mpaka deni liishe. Kwenye ufuta na korosho, stakabadhi kwa kawaida huandikwa jina la chama, kwa hiyo anayekopa ni chama, wewe unasubiri malipo kupitia kwao.

Hata hivyo usiidharau karatasi yako. Kagua kilo, daraja na tarehe palepale mizani ikiwa mbele yako. Mjomba wangu aliwahi kuiviringishia tumbaku risiti ya namna hiyo, na siku ya malipo alibaki kuapa tu.

Bei ikishuka baada ya kukopa, hasara ni ya nani? (Msomaji, Masasi)

Yako. Benki inakopesha sehemu tu ya thamani ili bei ikiyumba yenyewe isiguswe, na riba haisimami kusubiri soko. Wa Kusini mnalijua hili kuliko mimi. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima alipewa malipo ya kwanza kutokana na mkopo wa chama, kisha ya pili, na majaliwa, yaani nyongeza ya mwisho, kama yapo. Aprili 2013, Liwale, malipo ya pili yalikuja pungufu na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa kumwacha mkulima aamini kwamba malipo ya pili yameshapangwa, wakati yalitegemea mnada. Kabla chama hakijakopa, simama mkutanoni uulize: kiasi gani, riba ngapi, na bei ikianguka itakuwaje?

Mzigo ukioza au kuibwa ghalani? (Mkulima, Songea)

Mwendesha ghala anawajibika, na ghala lenye leseni linatakiwa kuwa na bima. Ila mahindi yakifika na unyevu unaozidi asilimia 13.5, tarajia kurudishwa ukayaanike. Usikasirike, ukungu wa gunia moja la maji unaharibu na ya wenzako.

Kuna mtu ananipa pesa leo, nitamlipa korosho msimu ukifika. Si ni mkopo uleule? (Kijana, Newala)

Hapana, hiyo ni kangomba, yaani kuuza korosho nje ya mfumo rasmi, na hairuhusiwi. Wa ghalani anakopea korosho iliyokwishapimwa, na bei ya mnada bado inamngoja. Wewe unauza ikiwa ingali ua mtini, kwa bei aliyoipanga mwenye pesa. Kama shida ni dawa ya kupulizia, anza kwa kuuliza chamani kwako.