Mnara wa Akropoli ulikwenda wapi?

SWALI: Nina picha ya zamani ya Akropoli ya Athens. Kando ya lango la magofu umesimama mnara mrefu wa mraba, lakini katika picha za siku hizi siuoni. Je, yangu ilichezewa?

JIBU: Picha yako ni salama, ndugu msomaji. Kilichochezewa ni kilima chenyewe. Mnara huo, wa karibu mita 26, ulijengwa na Wafaranki, watawala waliotoka Ulaya Magharibi, katika Zama za Kati. Ulibomolewa mwaka 1875, na gharama alitoa Heinrich Schliemann, yule yule aliyechimba magofu ya mji wa kale wa Troya. Mimi nikiletewa picha isiyo na tarehe, kwanza hutafuta mnara. Ukiwapo, najua ni ya kabla ya 1875.

Ugiriki ilikuwa taifa changa lililotaka uso wa kujitambulisha nao. Mwaka 1834, mbele ya Mfalme Otto, msanifu majengo Leo von Klenze alitangaza kwamba mabaki ya ushenzi yangeondolewa pale juu. Mfalme na msanifu wote walitoka Bavaria, lakini hilo tuliache. Iliyotakiwa ni Ugiriki ya Perikles, kiongozi wa Athens ya kale, peke yake. Karne za Wafaranki na Waturuki zikawa takataka za kufagiwa.

Kamera ilifika ufagio ukiwa kazini. Oktoba 1839, miezi miwili tu baada ya siri ya Daguerre, yaani njia yake ya kupiga picha kwenye bamba la chuma, kuwekwa wazi Paris, Pierre-Gustave Joly de Lotbinière aliipiga picha Parthenon, hekalu kuu la kale pale kilimani. Bamba lake limepotea, ila mchoro uliochongwa kutokana nalo upo. Utazame taratibu: ndani ya nguzo kuna msikiti mdogo, uliojengwa baada ya mlipuko wa baruti ulioliharibu hekalu mwaka 1687. Miaka ya 1840 haikwisha kabla nao haujabomolewa.

Mwaka 1869 akaja mpiga picha William James Stillman, aliyewahi kuwa konseli wa Marekani huko Krete. Picha zake nazipenda kupita kiasi. Nyufa za marumaru utazihesabu. Lakini nyingi alizipiga kwa karibu mno hata mji wa watu walio hai huuoni, na sura hiyo ya mawe matupu ndiyo iliyozoeleka kuitwa Ugiriki.

Hebu angalia pembe za chini za picha yako kama kuna saini. Mpiga picha James Robertson alikuwa na mazoea ya kutia yake, na ukiikuta, basi unayo picha ya miaka ya 1850. Usiikate kingo ili iingie kwenye fremu.