Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kazi ya Kurusha Warukaji wa Miavuli

Nina leseni ya urubani binafsi na saa 120. Je, naweza kuanza kurusha warukaji wa miavuli hapa Diani? (Msomaji, Ukunda)

Bado, ndugu yetu. Kazi ya kulipwa inataka leseni ya biashara. Kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 200, au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Marekani kwa kawaida ni 250. Hata ukiipata, mwenye ndege na kampuni yake ya bima wanaweza kukudai saa zaidi, hasa katika aina ile ile ya ndege.

Saa zilizobaki zitumie vizuri. Tafuta mwalimu mwenye Cessna 182, kwa kuwa ndiyo ndege ambayo wengi huanzia kazi hii. Fanya naye mazoezi ya kuruka kwa mwendo mdogo, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zikiwa chini kidogo, hadi ilie honi ya kuonya kuwa bawa linakaribia kuacha kubeba. Kisha rudia mzigo ukiwa nyuma, ndani ya kikomo cha kitabu cha ndege. Utaona usukani unavyokuwa mwepesi na pua inavyopenda kupanda. Ukiwa kazini, kwenye kiti cha kulia hakutakuwa na mwalimu wa kukuokoa, maana kiti chenyewe huondolewa ili watu wakae sakafuni.

Wenzangu wanasema hatari kubwa iko pale warukaji wanapotoka. Kwani wakitoka ndege si inakuwa nyepesi? (Msomaji, Arusha)

Inakuwa nyepesi baada ya kutoka. Shida iko katika zile sekunde chache kabla.

Chukua 182 yenye warukaji wanne. Unakaribia eneo la kurukia kwa noti 75 hadi 80, yaani kama kilomita 140 hadi 150 kwa saa, flapu nyuzi 10, nguvu ya injini umeipunguza. Mlango unafunguka kwenda juu na kushikiliwa na upepo chini ya bawa. Wa kwanza anakanyaga kikanyagio kilicho juu ya gurudumu na kushika nguzo ya bawa. Hapo bonyeza breki kwa nguvu: mguu ukiteleza ukatua kwenye tairi linalozunguka huru, mtu ataanguka kabla ya wakati wake. Mwili wake ulio nje unazuia upepo upande wa kulia, kwa hiyo pua inavutwa kulia na bawa la kulia linalala. Sahihisha kwa mguu wa kushoto na usukani kidogo. Usivute pua juu kutafuta kimo ulichopoteza. Mwendo ukishuka, bawa linaacha kubeba, na watu wamening'inia nje. Pua ikianza kulegea, ishushe, ongeza nguvu na uwaamuru watoke.

Katika ndege kubwa kama Caravan, mlango uko nyuma kushoto. Kundi la watu wanane likijazana mlangoni, kitovu cha uzito kinakimbilia mkiani na kinaweza kuvuka kikomo, hata kama wakati wa kupaa hesabu ilikuwa sawa. Ndiyo maana idadi ya wanaoruhusiwa kusimama nyuma kwa pamoja hupangwa mkiwa bado ardhini, kabla injini haijawashwa. Rubani mgeni asione haya kulisimamia hilo mbele ya warukaji wenye majina makubwa.

Wapime watu wakiwa wamevaa miavuli yao. Mtu wa kilo 80 hupanda mizani akiwa zaidi ya 90, na vifaa vya kuruka wawili wawili ni vizito zaidi. Mwaka 2008 bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti ya ajali 32 za ndege za warukaji tangu 1980, zilizoua watu 172. Yaliyojirudia ni matengenezo na ukaguzi hafifu wa ndege, pamoja na marubani walioteleza katika mambo ya msingi, hesabu ya uzito ikiwemo.

Makundi yaachane kwa sekunde ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Angalia mwendo wako juu ya ardhi. Ukienda noti 70 dhidi ya upepo, unapita mita 36 kwa sekunde. Kutenganisha makundi kwa mita 300 kunataka sekunde 8 hivi. Upepo ukizidi na mwendo ukashuka hadi noti 50, zinakuwa karibu 12. Watajie warukaji mwendo huo kabla mlango haujafunguliwa.

Niweke mafuta kiasi gani, na nishuke vipi? (Msomaji, Nanyuki)

Safari moja ya 182 hadi futi 10,000 hula takribani lita 26. Safari tatu ni lita 78, ongeza lita 26 za akiba ya nusu saa: zinakuwa 104, bila kuhesabu yale yasiyotumika tangini. Pima kwa kijiti, usiamini geji. Wapo wanaopunguza mafuta ili ndege ipande haraka, lakini lita 26 ni kilo 19 tu. Kwenu Nanyuki ardhi yenyewe iko juu na adhuhuri hewa ni nyepesi, kwa hiyo ni afadhali umwache mrukaji mmoja kuliko kuacha akiba.

Kushuka ndiko kunakoua silinda. Usirudishe nguvu yote kwa mkupuo. Ipunguze hatua kwa hatua, funga vilango vya hewa ya kupozea chini ya injini, na joto la silinda lisishuke zaidi ya nyuzi 28 za Selsiasi kwa dakika. Katika unyevu wa Pwani, injini ya kabureta inaweza kuganda barafu hata siku ya joto, basi washa kipasha-kabureta mapema. Shukia upande ambao miavuli haipo, na uihesabu yote kabla ya kuingia kutua.

Rubani naye avae mwavuli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Avae, na ajue namna ya kuufungua. Kimwavuli cha mrukaji, kile kidogo kinachovuta mwavuli mkubwa, kikitoroka nje ya mlango, mwenye nacho atoke papo hapo. Mtu asijaribu kukivuta ndani, kwani mwavuli mkubwa utafuata na kunasa mkiani. Ukishanasa na ndege haitii usukani, watoe wote, kisha utoke wewe. Kisu cha ndoano cha kukatia kamba kikae pale mkono wako unapofika ukiwa umefunga mkanda.