Jibu: Kanzidata ya kikundi cha VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), nianzie wapi?

Mkuu, umesema umefungua MySQL, programu ya kanzidata, ukaunda jedwali moja la wanachama lenye safu za hisa, mkopo, mdhamini1 na mdhamini2, na sasa mweka hazina anauliza mambo ambayo jedwali haliwezi kujibu. Funga MySQL kwanza. Tafuta karatasi na penseli.

Unachokosa ni modeli dhahania, yaani mchoro wa vitu ambavyo kikundi kinashughulika navyo na jinsi vinavyohusiana, bila kujali vitahifadhiwa kwenye programu gani. Peter Chen aliueleza mtindo huu mwaka 1976: entiti, yaani kitu unachotaka kutunza taarifa zake, ni mstatili, sifa zake (kama jina) ni duara bapa, na uhusiano ni umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha. Siku hizi wengi tunachora mstari tu, unaochanua matawi matatu upande wa "wengi".

Mimi huwaomba viongozi wanisimulie mkutano mmoja wa wiki mwanzo hadi mwisho, naandika sentensi zao zilivyo. Mwanachama ananunua hisa. Mwanachama anakopa. Mwanachama anadhamini mkopo. Nomino hukupa entiti, vitenzi hukupa uhusiano. Ila si kila nomino: sanduku lenye makufuli matatu litatajwa sana, lakini ni moja tu na huna cha kurekodi juu yake. Liache.

Utamu uko kwa wadhamini. Mdhamini si entiti ya peke yake, ni mwanachama yuleyule akiwa na jukumu jingine. Ukimfungulia jedwali lake, mtu mmoja atakuwa na majina mawili na namba mbili za simu, na hutajua ipi ni sahihi. Kwa hiyo kati ya Mwanachama na Mkopo chora mistari miwili. Wa kukopa ni mmoja kwa wengi: mkopo una mkopaji mmoja, mwanachama hukopa mara nyingi. Wa kudhamini ni wengi kwa wengi: mkopo una wadhamini kadhaa, mwanachama hudhamini mikopo kadhaa. Hapo uliza: mdhamini anabeba deni lote au sehemu? Kama ni sehemu, kiasi hicho si sifa ya mwanachama wala ya mkopo, ni cha udhamini wenyewe, hivyo Udhamini unakuwa entiti. Kuna kikundi nilikiuliza swali hili wakabishana hadi mkutano ukaisha, maana katiba yao ilikuwa kimya. Afadhali wabishane mapema kuliko siku mtu ameshindwa kulipa.

Usisahau Mzunguko, yaani kipindi cha kuanzia kununua hisa hadi kugawana. Hisa hugawanywa mwisho wa mzunguko, na vikundi vingi haviruhusu mkopo kuzidi mara tatu ya hisa. Bila entiti hiyo, hisa za mwaka jana zilizokwisha kugawanywa zitahesabiwa tena na mtu atakopeshwa kupita kiasi.

Salio la deni usilichore kama sifa ya kujazwa, hukokotolewa kutoka kwenye mkopo, riba na marejesho. Namba ya simu nayo isiwe kitambulisho, wapo mume na mke wanaotumia laini moja. Aina za data (namba, maandishi, tarehe) na faharasa za kuharakisha utafutaji ni za baadaye kabisa.

Ukimaliza, msomee mweka hazina kila mstari pande zote mbili: mkopo mmoja una wadhamini wasiopungua wangapi, wasiozidi wangapi? Mwanachama mmoja anaruhusiwa kudhamini mikopo mingapi kwa wakati mmoja? Akikataa sentensi, futa uchore upya. Kisha tupia picha ya mchoro hapa tuuone.