Natembea kila siku, mbona kuinuka kitini ni shida?

SWALI: Nina miaka 58, hedhi ilikoma miaka 6 iliyopita. Natembea nusu saa kila siku, lakini siinuki kitini bila kujisukuma kwa mikono. Kwa nini?

JIBU: Kutembea kunafaa moyo, ila hakuyapi mapaja mzigo wa kutosha. Umri hupunguza misuli, na kushuka kwa estrojeni (homoni ya kike) hedhi ikikoma huongeza kasi hiyo. Miguu yako inahitaji kazi nzito zaidi.

Egemeza ukutani kiti kigumu kisicho na magurudumu. Kaa nusu ya mbele, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti, mikono kifuani. Inama mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Wengi hukwama hapa kwa sababu hujaribu kuinuka wima, uzito ungali nyuma. Shuka ukihesabu hadi 3. Ukijitupa, umepoteza nusu ya zoezi. Magoti yasiingie ndani.

Fanya mara 8, pumzika dakika 2, rudia. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana. Ikishindikana, ongeza mto kitini. Mara 12 zikiwa nyepesi, shika kilo 2 kifuani. Mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Ukipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha zoezi, umwone daktari.