Soneti ya kumlilia marehemu: mgeuko ukae wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunzi wa mashairi ya mapokeo, hasa tarbia, yale ya beti za mishororo minne. Mwaka jana nilifiwa na mume wangu, na tangu hapo nasoma sana soneti, maana naona washairi wa Ulaya waliikimbilia kila walipoandika juu ya mapenzi na kifo. Nimejaribu kutunga zangu. Mishororo ni 14, vina viko sawa, lakini kila nikimaliza naona nina shairi lililokatwa katikati. Wenzetu walifanyaje? Na mizani iwe mingapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana kwa msiba. Mungu ampumzishe mahali pema.

Nadhani umeichukulia soneti kama beti tatu na nusu za tarbia. Hesabu inakubali, lakini kazi ya ndani ni nyingine kabisa. Katika tarbia kila ubeti unajitosheleza. Ukitaka kuongeza ubeti wa kumi, hakuna wa kukuzuia. Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina, kila ubeti uliishia pale pale: “Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.” Anamwombea, anamkumbuka, analia, na kila mara kibwagizo kinaturudisha kwenye ahadi ile ile. Nguvu ya shairi lile iko katika kurudi huko. Soneti imejengwa ili igeuke. Inashika jambo moja, halafu mahali fulani inabadili mwelekeo, na ikishageuka haina nafasi ya kujieleza sana. Waitaliano huuita mgeuko huo volta. Kwangu mimi, uamuzi wa kwanza wa mtunzi ni mgeuko ukae wapi. Vina na mizani vinafuata baadaye.

Mahali pake pa asili ni mshororo wa tisa. Ndivyo ilivyokuwa tangu Sicily, karne ya 13, katika baraza la mfalme Frederick wa Pili, ambako Giacomo da Lentini anatajwa kuwa wa kwanza kutunga soneti: mishororo minane, kisha sita. Mshairi Mwitaliano Petrarca (1304–1374) ndiye aliyeifanya kuwa chombo cha mapenzi na msiba kwa pamoja. Aliandika mwenyewe kwamba alimwona Laura, mwanamke aliyempenda, mara ya kwanza huko Avignon tarehe 6 Aprili 1327, na kwamba Laura alikufa tarehe hiyo hiyo mwaka 1348, mwaka wa tauni. Diwani yake ina mashairi 366, na 317 kati ya hayo ni soneti. Kwa desturi husomwa kama sehemu mbili, Laura akiwa hai na Laura akiwa amekufa, kana kwamba mgeuko wa soneti moja umeenezwa katika kitabu kizima.

Ukitaka kuona mshororo wa tisa ukifanya kazi, soma soneti ya Christina Rossetti ya kuomba akumbukwe, aliyoitunga mwaka 1849 akiwa na miaka 18. Kwa mishororo minane anamwambia mpenzi wake: nikumbuke nitakapokuwa nimekwenda mbali, kwenye nchi ya kimya. Ombi hilo pekee wangeweza kuliandika wengi. Mshororo wa tisa unaanza na “lakini”: ukinisahau kidogo kisha ukakumbuka, usihuzunike, afadhali usahau na utabasamu kuliko ukumbuke na kusononeka. Anayekufa ndiye anayemfungulia aliye hai. Angeweka “lakini” hiyo mwanzoni, tusingejua inamgharimu kiasi gani.

Shakespeare alitumia mpangilio wa Kiingereza: mishororo minne mara tatu, halafu miwili ya kufungia. Soneti zake 154 zilichapwa London mwaka 1609. Kaa na ile ya 73. Mzee anamwambia kijana anayempenda: ndani yangu unaona majira ambayo majani ya manjano, au hakuna, au machache, yananing’inia kwenye matawi. Angalia mpangilio huo. Hasemi mengi, machache, hakuna. Anafika kwenye “hakuna” mapema, kisha anarudi kwenye “machache”, kama mtu anayekagua na kukuta bado kuna kitu. Mishororo minne inayofuata si majira tena bali machweo ya siku moja. Minne ya tatu ni moto uliolala juu ya majivu yake mwenyewe. Mwaka, siku, moto: muda unafinyika mbele ya macho yetu wala hakuna aliyetaja saa. Tunapofika kwenye miwili ya mwisho nafasi imeshabana, na hapo ndipo anapogeuka: unaliona hili, na kwa sababu hiyo upendo wako unazidi, kukipenda sana kile ambacho karibu utakiacha. Kifo kilichokuwa kinapunguza kila kitu sasa ndicho kinachoongeza.

Lakini kwa jambo lako, dada, mwalimu wako awe Milton, mshairi Mwingereza. Soneti yake ya ndoto ya marehemu mkewe, wengi huamini, inamhusu Katherine Woodcock, aliyemwoa mwaka 1656 akiwa tayari kipofu, naye akafariki mwaka 1658. Vina vyake ni vya Kiitaliano, kwa hiyo msomaji anategemea mgeuko mshororo wa tisa. Milton anaupita. Mshororo wa tisa mke bado anakuja, amevaa nyeupe. Wa kumi uso wake una shela (uso ambao, kama kweli ni Katherine, hakuwahi kuuona). Wa 12 bado anang’aa kwa upendo. Mshororo wa 13 anainama kumkumbatia mumewe. Kisha wa 14, kwa tafsiri yangu: nikaamka, akatoweka, na mchana ukanirudishia usiku wangu. Kwa Kiingereza mshororo huo una maneno kumi, kila neno silabi moja, kama mtu asiye na pumzi ya kusema neno refu. Tumeishi na marehemu mishororo 13 na tumempoteza kwa mmoja. Sijui shairi la Kiingereza lililonishinda nguvu kama hili.

Hata maneno ya mwisho kabisa yanaweza kubeba mgeuko. Elizabeth Barrett Browning, katika soneti ya kwanza kati ya 44 alizochapisha mwaka 1850, anavutwa nywele kutoka nyuma na sauti inamuuliza ni nani amemshika. Anajibu: Kifo. Sauti inasema: Si Kifo, ni Mapenzi.

Sasa mizani. Mshororo wa soneti ya Kiitaliano una silabi 11, wa Kiingereza 10. Usitumie 16 ya tarbia. Ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mshororo, vinaupa kila mshororo kituo chake katikati, na mgeuko unapofika hausikiki, maana sikio limezoea kugeuka kila mizani minane. Jaribu 11 au 12, bila kina cha kati. Kwa vina tuna bahati. Maneno yetu huishia na irabu kama ya Waitaliano, kwa hiyo unaweza kufuata mtindo wa Petrarca, vina viwili tu kwa mishororo minane, a-b-b-a-a-b-b-a. Kiingereza ni kigumu kwa vina, ndiyo maana mpangilio wa Shakespeare una saba. Ila usiegemee vitenzi vya kutendea, -ia na -ea kila mahali. Badilisha kwa majina, la sivyo soneti itasikika kama utenzi.

Kwa utunzi wenyewe, chagua tukio moja la mume wako, si maisha yake yote: anavyofunga baiskeli, anavyokuita akiwa mlangoni. Liandike kwa wakati uliopo, yeye akiwa hai, hadi mshororo wa 12. Usitaje kifo kabla ya hapo. Lala nayo usiku mmoja, kisha andika miwili ya mwisho kwa maneno mafupi. Na kama kila ukijaribu kugeuka unajikuta umerudi kwenye kauli ile ile juu yake, usiilazimishe soneti. Umeshapata kibwagizo, kitungie tarbia.