Kwa Maafisa Wapya wa Ununuzi na Mali za Umma: Tazameni Kabla na Baada ya Zabuni

Afisa mpya wa ununuzi hufundishwa kwanza taratibu za siku ya kufungua zabuni: sanduku lenye kufuli, bahasha zenye lakiri, bei zinazosomwa kwa sauti mbele ya wazabuni. Zifuateni kwa ukamilifu. Hata hivyo, katika miaka niliyofanya kazi hii na baadaye kuikagua, ni mara chache nimeona fedha za umma zikipotea siku hiyo. Hupotea kabla, mahitaji yanapoandikwa, na baadaye, kazi inapopokelewa na kulipwa.

Sharti kwamba mzabuni awe amekwisha kutekeleza miradi mitano inayofanana linaweza kuwa na sababu halali. Lakini ikiwa idara inayohitaji huduma haiwezi kueleza kwa nini ni mitano na si miwili, yawezekana sharti hilo liliandikwa huku wasifu wa kampuni moja ukiwa mezani. Ulizeni kwa maandishi, kwa heshima, na jibu liwekwe kwenye jalada. Manunuzi yanapokatwa vipande vidogo, kila kimoja kikiwa chini kidogo ya kiwango kinacholazimu ushindani wa wazi, jumlisheni hati za mwaka mzima za idara hiyo. Na mkataba wa usafi ambao tarehe yake ya kwisha ilijulikana tangu ulipotiwa saini hauwezi kugeuka dharura. Mara nyingi aliyeuacha uishe alikwisha kumjua atakayeitwa bila ushindani.

Baada ya saini, jihadharini zaidi na bei iliyo ndogo kupita kiasi. Mzabuni aliyedokezwa kwamba kiasi cha uchimbaji kitaongezeka na kwamba uzio utafutwa huweka bei kubwa kwa kila mita ya uchimbaji na bei ya kutupa kwa uzio. Jumla yake inakuwa ndogo kuliko za wote, anashinda kihalali kabisa, kisha maombi ya mabadiliko ya kazi yanaanza kuingia, na kila ombi lina sahihi ya mhandisi. Kwa hiyo linganisheni bei za vipengele, si jumla peke yake, na kila ombi la mabadiliko mlisome pamoja na jedwali la awali la vipimo na bei. Rushwa huingia pia kwa njia ya ukimya: hati ya malipo hukaa mezani mpaka mkandarasi aelewe anachotakiwa kufanya. Mkiona jalada lisilosogea bila hoja iliyoandikwa, hiyo ni dalili.

Upande wa mali haupewi uzito unaostahili, pengine kwa sababu jengo halikimbii. Linalokimbia ni kumbukumbu zake. Kiwanja kisichomo katika rejista kinaweza kupata mmiliki mwingine. Mpangaji anayelipa kodi iliyopangwa zamani anaweza kuwa amepangisha vyumba hivyo kwa wengine kwa bei ya soko. Gari huandikwa chakavu, likauzwa kwa mtumishi aliyekuwa akiliendesha, na wiki inayofuata likaonekana barabarani likiwa zima. Anzeni kwa kuhesabu mali kwa macho na kulinganisha na rejista, kisha, mali inapouzwa, ulizeni nani alimteua mthamini aliyekadiria bei yake.

Mageuzi yapo, na mengine yamezaa matunda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unagusa ununuzi wa umma katika ibara yake ya 9, na Ukraine iliufanya mfumo wa kielektroniki wa ProZorro kuwa wa lazima mwaka 2016. Binafsi navutiwa zaidi na hatua ya Slovakia ya mwaka 2011, ambapo mkataba wa serikali hauanzi kutumika mpaka uchapishwe kwenye mtandao, kwa sababu unampa mwananchi kitu cha kulinganisha na kazi anayoiona. Mfumo wa kielektroniki unazuia bahasha kubadilishwa. Hauwezi kusahihisha sharti lililoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Kuhusu nafsi zenu, tangazeni mgongano wa maslahi kwa maandishi kabla ya kukaa katika kamati ya tathmini, wala msikutane na mzabuni peke yenu zabuni ikiwa wazi. Mkubwa akitoa agizo la mdomo msiloliona sawa, si lazima mbishane naye. Mwandikieni siku hiyohiyo dokezo fupi lisemalo, “Kama ulivyoelekeza leo, naomba uthibitisho kwamba kampuni hii ialikwe bila ushindani,” na nakala ibaki kwenye jalada. Nimeona maagizo mengi ya namna hiyo yakifutwa kabla dokezo halijajibiwa.