Damu imepungua, au himoglobini imeshuka?

SWALI: Kliniki ya wajawazito muuguzi alimwambia mke wangu, "Damu yako ni 9, imepungua." Mke wangu hajatokwa na damu hata tone. Hicho ni Kiswahili sahihi? Na je, tuseme chembe nyekundu au seli nyekundu?

JIBU: Ni sahihi, ndugu yangu, wala usimsahihishe muuguzi. Ile 9 ni gramu za himoglobini katika mililita 100 za damu. Himoglobini ni protini yenye madini ya chuma, iliyojaa ndani ya chembe nyekundu. Ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na ndiyo inayoipa damu rangi yake. Muuguzi alitaja damu akikusudia nguvu yake hiyo.

Ajabu ni kwamba damu ya mjamzito huongezeka. Maji ya damu huzidi haraka kuliko chembe nyekundu, basi inakuwa kama chai iliyoongezwa maji: birika limejaa, chai nyepesi. Hata hivyo 9 ni chini mno kusingizia maji peke yake. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito ni 11, au 10.5 katikati ya mimba. Shemeji asiache vidonge vya madini ya chuma alivyopewa.

Kwa hali hiyo sema "damu yake imepungua", "amepungukiwa damu" au "ana upungufu wa damu". "Ametokwa na damu" na "amepoteza damu" ni mambo mengine kabisa: hapo pana jeraha, au uzazi. "Ameishiwa damu" hutumiwa ovyo mitaani. Mimi ningemwekea mgonjwa aliye hoi, anayesubiri kuongezewa damu.

Chembe au seli? Yote mawili yanafaa. Vitabu vya shule siku hizi hupenda seli, wazee wa hospitali wanasema chembe, na "chembechembe" haina ubaya katika mazungumzo. Chagua moja, usiyachanganye katika ukurasa mmoja. Tahajia nayo inayumba kati ya himoglobini na hemoglobini. Nami naandika ya kwanza.

Angalia tu upatanisho. Chembe huhesabika, kwa hiyo chembe nyekundu zimepungua. Himoglobini hupimwa kama unga au sukari: himoglobini imeshuka, kamwe si "zimeshuka".